Nairobi kuanzia maili 327

Mjomba wangu ana miaka 71 na ameshalala Nairobi mara zisizo na idadi, lakini hajapata kuizuru. Alikuwa gadi wa treni. Alikuja na mzigo, akalala kwenye nyumba za reli, akaamka akarudi Mombasa na mzigo mwingine. Mji wenyewe aliujua, kwa maneno yake, kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani: barazani amekaa sana, ndani hajaingia.

Julai akanipigia simu. Anakuja siku nne, na safari hii hana zamu.

Mimi kazi yangu ni uhasibu, na mhasibu akipata mgeni hutengeneza jedwali. Nikaandika twiga, ndovu, nyumba ya yule bibi wa Denmark, mwandishi Karen Blixen, kule Karen, Bomas ya ngoma za asili, jumba la mikutano la KICC, soko la Wamaasai. Kila kimoja na siku yake na saa yake. Jedwali langu liliishi hadi stesheni ya Syokimau, aliposhuka kwenye treni ya SGR amevaa lile koti lake zito la kazini, maana alishaambiwa Julai ya Nairobi si ya mchezo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Treni ya kwenda stesheni kongwe iko wapi?"

Nikamwambia nimeshaita teksi. Akanitazama kama nimemwambia tuende kwa punda. Kwake yeye, mtu haingii Nairobi kwa teksi. Nairobi huingiliwa stesheni, na stesheni ni ile ya katikati ya mji, "si hapa mliponishusha porini." Basi nikamlipa mwenye teksi kitu kidogo cha usumbufu, tukapanda ile treni ndogo inayounganisha SGR na mjini.

Tuliposhuka hakuondoka. Alisimama ukumbini, mkoba mkononi, akiziangalia reli kama mtu anayehesabu. "Maili 327," akasema.

Hapo ndipo ziara yangu ilipovunjika na yake ikaanza. Reli ya zamani ilihesabiwa kutoka Mombasa. Ujenzi ulianza kwetu 1896, na kila maili ikapewa namba yake. Mwezi wa Mei 1899 reli ikafika kwenye uwanda wenye maji baridi, mahali Wamaasai walipopaita Enkare Nairobi. Mbele yake nchi inapanda, kisha inaporomokea Bonde la Ufa, kwa hiyo wahandisi walitaka pahali tambarare pa kupumulia, kuweka karakana na kupanga mabehewa kabla ya kuukabili mlima. Mahema yakasimikwa. Mwaka uleule makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa, na mwaka 1905 serikali ya kikoloni nayo ikayafuata. Hivi ndivyo Mombasa ilivyonyang'anywa umji mkuu na karakana.

Mjomba hulieleza jambo hili kama limetokea juzi.

Asubuhi ya Ijumaa akataka Makumbusho ya Reli. Hayakuwa kwenye jedwali langu. Nimekaa Nairobi miaka tisa, ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa karibu na Haile Selassie Avenue, na sijawahi kutia mguu mle. Yalifunguliwa 1971, wakati shirika la reli lilikuwa bado moja kwa nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Si mbali na stesheni, lakini njia yenyewe haikupi moyo: gereji, vibanda, ukuta, halafu ghafla unatokea kwenye uwanja wa nyasi uliojaa vichwa vya treni vimesimama kimya kama ng'ombe malishoni.

Ndani ya jengo kuna vitu vidogo: sahani za behewa la chakula, saa, ramani, viti, mitambo ya simu ya maandishi. Mjomba alipita haraka hadi kwenye taa. Taa ya gadi, ya mkono, ya chuma cheusi. Akanionyesha kwa vidole, bila kuigusa, namna kioo cha ndani kinavyozungushwa: nyeupe, kijani, nyekundu. Mchana ni bendera na filimbi, usiku ni taa. Gadi akiwa nyuma kabisa, dereva mbele kabisa, na kati yao mabehewa mengi, hakuna la kusemezana isipokuwa rangi. "Miaka ishirini na tisa nimezungumza na watu kwa rangi tatu," akasema. Alianza 1974, kijana wa miaka ishirini, chini ya reli ya Afrika Mashariki; 1977 Jumuiya ikavunjika, na akajikuta ni mfanyakazi wa reli ya Kenya pasipo kuhama kitanda.

Nje, mkubwa kuliko wote ni kichwa namba 5918, kwa jina Mount Gelai. Ni cha lile kundi la 59, lililokuwa na vichwa 34 vilivyoundwa Uingereza miaka ya hamsini, na kila kimoja kikabatizwa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai iko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Uzito wake ni tani 252. Tangi liko mbele, tangi liko nyuma, na katikati limening'inizwa pipa la mvuke, hivi kwamba mnyama mzima anaweza kujipinda kwenye kona bila kutoka relini. Walikuwapo wanafunzi wa shule ya msingi pale, na kijana mmoja akauliza lilikuwa likila makaa magunia mangapi.

"Halikula makaa," mjomba akajibu kabla mwalimu hajafungua mdomo. "Hili lilikula mafuta. Mafuta mazito, meusi, ya kupashwa moto kwanza ndipo yatiririke." Watoto wakamgeukia. Akawaeleza maji yalivyojazwa, akawaeleza kona za Mazeras, ambapo gadi akichungulia kutoka mkiani ndipo anapokiona kichwa cha treni yake mwenyewe, kinapita upande wa pili kama treni ya watu wengine. Mwalimu alikaa pembeni akanyamaza, na nadhani alishukuru.

Watoto walipoondoka, nikamwambia apande. Kuna ngazi ya chuma ubavuni, imewekwa wima, na goti lake la kulia halimtii. Akapanda pole pole. Chumba cha dereva kimejaa magurudumu ya kufungulia mvuke, mabomba, saa za kupimia ambazo baadhi vioo vimekwisha, na harufu ya chuma kilichokaa juani. Kiti cha dereva ni kidogo kuliko unavyodhani. Akakikalia. Akashika mkono wa mtambo, akautoa mkono, akaushika tena.

"Unajua sijawahi kukaa hapa?"

Sikuelewa. Akaniambia gadi mahali pake ni nyuma. Mbele ni pa dereva na msaidizi wake, na katika kazi ile kila mtu na behewa lake. Vichwa hivi viliondolewa kazini kufikia 1980. Alipopata cheo cha kuzoeana na madereva, vilikuwa vimeshapumzishwa, mvuke umekwisha, dizeli imeshika kazi. Treni zilizomvuta ujana wake wote alizijua kwa mlio na kwa moshi, hakuzijua kwa kiti. Nilimpiga picha moja. Nilipotaka ya pili akaniinulia kiganja, alama ambayo hata mimi niliielewa.

Kabla ya kutoka tukaenda kwenye behewa la Kima. Hiki kisa kila mtoto wa reli anakijua: Juni 1900, afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall aliegesha behewa lake katika stesheni ya Kima ili amwinde simba aliyekuwa akila watu. Walikuwa watatu, wakapeana zamu za kulinda. Zamu yake usingizi ukamshinda. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma, akamtoa Ryall kwa dirishani. Behewa lenyewe ndilo lile, unaweza kulisogelea ukapima dirisha kwa macho, na ukilipima utashangaa, maana ni dirisha la kawaida kabisa. Watu wengi huwachanganya simba huyu na wale wawili wa Tsavo wa 1898. Wale ni wengine, na wako Chicago, wamejazwa pamba, jambo ambalo mjomba analo kinyongo nalo pia.

Mchana tukaelekea Msikiti wa Jamia kwa miguu. Pembeni ya Moi Avenue na Haile Selassie ipo ile bustani ya ukumbusho wa tarehe 7 Agosti, ulipokuwa ubalozi wa Marekani hadi bomu la 1998. Nayo ilikuwa Ijumaa. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wanapita njia tu. Majina yamechongwa ukutani. Mjomba aliyasoma yote, kwa mdomo usio na sauti, na sikumharakisha ingawa muda wa swala ulikuwa umekaribia. Tukafika Jamia adhana ya pili inatolewa, kuba zake za fedha ziking'aa kwa kijua chembamba cha Julai. Msikiti huu ulikamilika 1933, na ukitoka upande mmoja unaikuta maktaba ya McMillan ya 1931 na simba wake wa mawe. Mjomba akawapiga vibao vya kirafiki kichwani. Chakula cha mchana sitakisimulia, isipokuwa kusema kwamba mtu wa Mombasa akipewa pilau ya Nairobi huuliza kwa upole kama kuna nyingine.

Jumamosi nikalirudia jedwali langu, kwa sababu nafasi za ndovu nilikuwa nimeshaziwekea. Kituo cha Sheldrick kiko ndani ya eneo la Mbuga ya Nairobi, na wageni wa kawaida huingia saa tano hadi saa sita tu, tena kwa kuweka nafasi mapema; usiende ukitumaini mlinzi atakuonea huruma. Tulipanda matatu ya Rongai katika steji ya Railways. Mjomba akamwomba konda apunguze muziki. Konda, kijana mwenye adabu zake, akamwinamia akasema: "Mzee wangu, tukizima huu gari linazimika." Mjomba alicheka hadi Nyayo Stadium.

Ndovu wale ni yatima, na hili nimeliona kwenye video mara mia, lakini video haikupi mchanga. Wanakuja mbio kwa mstari, masikio wazi, wanajua chupa zao ziko wapi. Chupa moja wanaimaliza kwa pumzi chache. Walezi wenye makoti ya kijani wanawataja mmoja mmoja, aliokotwa wapi, ana umri gani. Kituo kilianzishwa 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe, David, aliyekuwa mlinzi mkuu wa Tsavo Mashariki, na ndovu wakikua kidogo hupelekwa Tsavo, Voi na Ithumba, wajifunze kurudi porini.

"Voi?" mjomba akaniuliza. "Kwa hiyo nao wanashuka kwa njia yetu."

Halafu akaniambia kitu ambacho hakuwahi kunisimulia. Usiku mmoja kati ya Mtito Andei na Voi treni yake ilimgonga ndovu. Yeye akiwa nyuma alihisi mshtuko tu, kama behewa limekohoa. Alishuka na taa yake akatembea hadi mbele, mwendo mrefu gizani, na alipofika akawakuta wengine wamesimama kando ya reli, hawaondoki. Hakuendelea na kisa. Mbele yetu mtoto wa ndovu alikuwa anajaribu kutoka kwenye dimbwi la matope na anateleza, anajaribu anateleza, na umati wote unacheka.

Mbuga yenyewe tuliifanya alasiri, na hapa ndipo dereva niliyemkodi alipochelewa saa mbili na nusu, kila nikimpigia "niko kwa mzunguko." Ushauri wangu ni huu: ingia alfajiri, na lipa kiingilio kwa simu kabla hujafika, kwani langoni pesa taslimu hazipokelewi. Mbuga ya Nairobi ilitangazwa 1946, ya kwanza nchini, kilomita za mraba 117. Ua uko upande wa mji. Upande wa kusini uko wazi kuelekea Kitengela. Tuliona nyati, kongoni, pundamilia, twiga waliosimama mbele ya maghorofa kama wanasubiri lifti, na kifaru mmoja kwa mbali ambaye dereva aliapa ni kifaru. Ndovu wa porini humo hamna. Simba hatukuona hata mmoja. "Simba wa Kima ametosha," mjomba akasema.

Kilichomsisimua ni daraja. Reli ya SGR ya kwenda Naivasha inakatiza mbuga juu ya nguzo ndefu, karibu kilomita sita, na wanyama wanapita chini yake. Watu wa mazingira waliipinga sana, na mimi nilikuwa upande wao. Nilitaraji mjomba aisifu. Alishuka mahali panaporuhusiwa kushuka, pale kwenye majivu ya pembe. Hapo ndipo Rais Moi alipochoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na hapo ndipo 2016 zikachomwa tani 105 kwa mpigo. Akaziangalia nguzo kwa muda. "Zuri," akasema hatimaye. "Lakini gadi wake anaona nini kutoka kule juu?" Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba sidhani kama kazi yake bado ipo.

Jumapili tulikwenda Makumbusho ya Taifa, tukamsalimia Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hadi kifo chake 1974, na yule kijana wa Turkana, mifupa ya miaka milioni moja na nusu na zaidi, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Mjomba alisimama mbele ya yule kijana akataka kujua jambo moja tu: huyo Kimeu alikuwa mtu wa wapi. Nilipomwambia Ukambani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Madereva wake wengi walikuwa Wakamba.

Kisha KICC. Jumba hili lilimalizika 1973, ghorofa 28, mita 105, na juu yake kuna uwanja mdogo ambako unauona mji wote. Mimi hupeleka kila mgeni pale na huwaonyesha yaleyale: pale Bunge, pale Uhuru Park, kule Ngong. Mjomba alinisogeza pembeni kwa adabu akaanza kunionyesha yeye. Upepo ulikuwa mkali, koti lake linapepea.

Alinionyesha uwanda wa reli, tambarare kama meza. Upande wa pili wa reli, palipoinuka, ni Upper Hill: huko ndiko walikokaa wakubwa wa reli, wakapata upepo na wasione moshi. Upande wa mashariki, chini, Muthurwa na Landi Mawe: huko ndiko kulikokuwa na landi, nyumba za mistari za wafanyakazi, chumba kimoja kimoja, bomba moja la maji kwa wengi. "Landi" kwetu ni neno la kawaida, na nimelisikia utoto wangu wote nisijue kwamba hata barabara ya Landhies ninayoipita kila wiki inalibeba jina hilo. Katikati ya wakubwa na vibarua, reli. Na kandokando ya reli, maduka. Mji wote ulipangwa kama stesheni, daraja la kwanza, la pili na la tatu, na hadi leo kodi ya nyumba inafuata mpango uleule. Nilikuwa natazama kitu nilichokitazama mara kumi, na ilikuwa mara ya kwanza kukiona.

Tukashuka, tukavuka hadi Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, ya 1913, yenye mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Nilikuwa nimeiweka mwisho makusudi. Nje yake ndipo sifuri: alama ambayo kutoka kwake umbali wa sehemu zote za Kenya hupimwa. Nilidhani atafurahi.

"Sifuri?" akasema. "Hapa?"

"Ndiyo, mjomba. Barabara zote zinahesabiwa kutoka hapa."

"Wapi! Hapa ni 327."

Bwana mmoja mwenye kofia, aliyekuwa akisubiri kupiga picha, alitaka kumweleza. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, kisha akamweleza yeye. Niliwaacha, nikaenda kuangalia vinyago na vitambaa vya Murumbi, na niliporudi nusu saa baadaye walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakichora reli vumbini kwa kijiti, kutoka bandarini.

Twiga hatukuwafikia. Karen hatukufika. Bomas nayo imebaki kwenye jedwali, na soko la Wamaasai nililiwakilisha kwa kumnunulia shuka jekundu, analolitumia, nasikia, kama kitambaa cha meza.

Jumatatu nikamsindikiza hadi Syokimau, kwa ile treni ndogo, bila kuulizana. Jioni simu ikalia.

"Umefika salama, mjomba?"

"Nimefika, alhamdulillahi. Lakini si sifuri. Sifuri iko kisiwani. Hawa wamenishusha Miritini."